Kitabu kikikuchosha, kosa la nani?

Msomaji akikwama katikati ya Les Misérables, riwaya kongwe ya Victor Hugo, utamsikia akijisema mwenyewe: sina subira, simu imeniharibu, nitakirudia nikistaafu. Msomaji huyohuyo akikwama katikati ya The Wheel of Time, mfululizo wa fantasia wa Robert Jordan, hajisemi hata kidogo. Anasema Jordan hajui kuandika. Kazi zote mbili ni nene, na zote zina kurasa nyingi ambazo hakuna linalotokea. Ila katika shauri la kwanza mshtakiwa ni msomaji, na katika la pili mshtakiwa ni mwandishi.

Nimefuatilia kwa muda maoni ya watu wanaosoma riwaya za fantasia na ya wale wanaosoma riwaya kongwe, na naona tofauti kubwa kati yao iko hapo. Majoka na mapanga hayana uzito huo. Ule ubishi wa kama fantasia ni fasihi ya kweli au ni burudani ya vijana sina hamu nao. Kila anayeuingia hutoka na jibu alilokuja nalo. Swali lenye nyama ni hili la lawama ya kuchoka: nani anabebeshwa, na kwa nini.

Nianze na Jordan, kwa kuwa hakuna mwandishi anayesemwa vibaya na wapenzi wake kama yeye. Jina lake la kuzaliwa ni James Oliver Rigney, mtu wa Charleston, South Carolina. Juzuu la kwanza la mfululizo wake lilitoka Januari 1990 na la 14, ambalo ni la mwisho, likatoka Januari 2013. Mwenyewe hakuliona. Alifariki Septemba 2007, na mjane wake Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson amalizie kazi kwa kufuata maandishi yaliyoachwa. Kitabu kimoja cha kumalizia kikazaa vitatu. Mshabiki wa Jordan atakwambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba hajawahi kuishi ndani ya ulimwengu wa kitabu kama alivyoishi humo, na kwamba kuanzia juzuu la 7 hadi la 10 ujikaze.

Tuingie ndani tuone kinachochosha ni nini hasa. Perrin ni kijana aliyekuwa akijifunza uhunzi, sasa amekuwa bwana wa watu, na mkewe Faile ametekwa. Anaanza kumtafuta katika juzuu la 9, lililotoka mwaka 2000. Anampata katika juzuu la 11, mwaka 2005. Katikati kuna juzuu la 10, la mwaka 2003, ambalo sehemu yake kubwa inarudi nyuma kutuonyesha wahusika mbalimbali walikuwa wapi na walifanya nini siku lilipotokea jambo kubwa tulilokwisha kulisoma mwishoni mwa juzuu lililotangulia. Huku wanashangaa, kule wanashangaa. Perrin yuko kambini, jeshi lina njaa, anakwenda mji mmoja kununua nafaka, na nafaka ina fukusi. Tunapewa habari ya fukusi kwa kirefu. Kisha, msomaji akiwa amekwisha kukata tamaa, analetwa mateka asiyetaka kusema Faile yuko wapi. Perrin anachukua shoka lake na kumkata mkono. Halafu shoka lile, lililokuwa naye tangu mwanzo wa safari, analiacha hapo na kuondoka.

Hiyo ni miongoni mwa kurasa bora alizowahi kuandika Jordan, na nguvu yake inatokana kwa sehemu na uchovu uliotangulia. Mtu amekaa siku nyingi akihesabu magunia na kusubiri taarifa, na sisi tumekaa naye. Ndiyo maana mkono unapokatwa hatushangai sana kwamba mtu mpole kama yule amefika pale. Je, ilihitaji kurasa zote zile? Hapana. Robo yake ingetosha. Lakini kusema kwamba robo ingetosha ni jambo moja, na kusema kwamba mwandishi hakujua alichokuwa akikifanya ni jambo jingine, na wasomaji wengi hulisema la pili wakidhani wamelisema la kwanza.

Kuna na suala la tarehe. Aliyenunua juzuu la 10 mwaka 2003, kwa bei ya jalada gumu, baada ya kusubiri zaidi ya miaka miwili, alifika ukurasa wa mwisho akakuta Perrin bado anatafuta. Yeye ana haki ya kukasirika mpaka leo. Anayeanza mfululizo sasa anafunga la 10 jioni na kufungua la 11 kabla hajalala. Ukiwakutanisha hawa wawili watabishana wee, mmoja akisema juzuu lile ni aibu, mwingine akisema ni la kawaida tu, wakati wote wawili wanasema kweli. Maneno yaliyochapwa ni yaleyale. Kilichobadilika ni gharama ya kuyasoma.

Sasa Hugo. Les Misérables ilitoka 1862. Fungu la kwanza linamalizika Fantine amekufa, Jean Valjean, mfungwa wa zamani, anasakwa, na msomaji anataka kujua nini kitampata Cosette, mtoto wa Fantine. Anafungua fungu la pili na kukuta vita vya Waterloo, ambako Napoleon alishindwa, sura 19. Hugo alikwenda uwanjani pale mwaka 1861, akatembea, akakagua kuta na kisima cha shamba la Hougoumont, na haoni sababu ya kutuacha nyuma. Tunaelezwa mvua ya usiku uliotangulia ilivyolowesha ardhi na kuchelewesha mizinga. Tunaelezwa bonde. Tunaelezwa bahati, Mungu na Napoleon. Ni mwandishi mkubwa, na kurasa hizo zina sentensi za kukatisha pumzi, lakini riwaya imesimama. Inaanza kutembea tena katika sura ya 19, usiku, pale mwizi anayepora maiti anapomvuta afisa mmoja kutoka kwenye rundo ili amchukulie saa na pochi, na afisa, akizinduka, anadhani ameokolewa. Mwizi ni Thénardier, mwenye nyumba ya wageni anayekaa na Cosette. Afisa ni Pontmercy, baba yake Marius, kijana atakayempenda Cosette. Deni hilo la uongo litamtesa Marius katika sehemu yote iliyobaki ya kitabu.

Sura 18 kwa ajili ya Ufaransa na moja kwa ajili ya hadithi. Naona ni nyingi mno, na sioni kwa nini niseme hivyo nikiwa nimeinamisha kichwa. Kwa upande mwingine, zile sura 14 za mwanzo kabisa zinazomhusu Askofu Myriel, ambazo ndizo zinazowaangusha wasomaji wengi kabla Valjean hajabisha mlango, nisingepunguza hata moja. Ukishamjua yule mzee, bajeti yake ya mwaka, nyumba aliyoigeuza hospitali, vyombo vyake vya fedha ambavyo ndiyo anasa yake pekee, basi anapomkabidhi Valjean, aliyemwibia vyombo hivyo, vinara vya mishumaa mbele ya askari unajua ametoa nini. Ukiruka, unaona tu mzee mwema.

Maoni ya namna hii, kaa hapa, pita pale, wasomaji wa fantasia huyatoa kila siku bila wasiwasi. Watakwambia kitabu cha utangulizi wa Jordan, New Spring, usikisome kwanza ingawa matukio yake ndiyo ya kwanza. Watakwambia juzuu gani uvumilie na sura gani ukimbie nayo. Wanashauriana kama watu wanaosafiri njia moja. Wasomaji wa riwaya kongwe ni wachache wanaothubutu kumwambia mgeni, ukifika Waterloo nenda moja kwa moja sura ya 19, ukimaliza kitabu na ukikipenda utairudia vita. Ushauri huo ungewaokoa wengi. Hautolewi kwa sababu kuruka ukurasa wa Hugo huonekana ni utovu wa adabu.

Adabu hiyo imetoka wapi? Riwaya kongwe inakuja na mashahidi. Mwalimu aliisifu, chuo kikuu kinaifundisha, profesa ameandika utangulizi wenye kurasa 40. Msomaji mmoja mmoja, usiku chumbani kwake, akiona haimnogei, yuko peke yake dhidi ya jopo lote hilo. Atashindwa tu. Fantasia inakuja na picha ya mtu mwenye upanga na neno la rafiki. Hapo msomaji anajiona sawa na mwandishi, hata juu yake.

Na kwamba hadhi hii hutolewa na watu, tena baada ya muda, ushahidi mzuri ni Tolkien. The Lord of the Rings ilichapwa kwa vipande vitatu, viwili mwaka 1954 na cha tatu Oktoba 1955. Mwenyewe aliihesabu kuwa kitabu kimoja. Ni gharama za uchapaji za baada ya vita zilizoigawa. Kipande cha pili kinamalizika Frodo, shujaa wake, yu hai lakini yumo mikononi mwa adui, na wasomaji wa kwanza wakaachwa hapo karibu mwaka mzima. Mwaka 1956 Edmund Wilson, mhakiki aliyeogopwa Marekani nzima, aliandika katika The Nation kwamba kazi yote ile ni takataka za kitoto. Upande wa pili alikuwapo W. H. Auden, mshairi, aliyeisifu katika New York Times. Miaka ikapita. Mwaka 2003 BBC iliwaomba Waingereza wachague riwaya wanayoipenda kuliko zote, na Tolkien akaibuka wa kwanza, mbele ya Pride and Prejudice ya Jane Austen. Wa tatu alikuwa Philip Pullman, naye wa fantasia, na juzuu la nne la Harry Potter likawa la tano. Wapo waliolia kwamba taifa limepoteza akili.

Mimi kura ile hainipi taarifa kubwa kuhusu ubora. Inanipa taarifa kuhusu lawama. Zamani msomaji aliyechoshwa na Tom Bombadil, yule mzee wa msituni anayeimba na kurukaruka kwa sura kadhaa wakati Frodo anafukuzwa na wapanda farasi weusi, alisema Tolkien amepotea njia. Siku hizi wapo wengi wanaosema, labda sijamwelewa Bombadil, labda kuna siri. Kurasa ni zilezile za 1954. Tolkien ameshahamia upande wa wale ambao kosa si lao tena. Sijui kama ni heshima au ni hasara. Mwandishi ambaye hawezi kukuchosha bila wewe kuomba radhi ameshaacha kuzungumza nawe.

Herman Melville aliipitia safari hii kwa ukali zaidi. Moby-Dick, riwaya yake kuhusu uwindaji wa nyangumi, ilitoka London Oktoba 1851, kabla ya toleo la New York, na katika toleo hilo la Uingereza hitimisho fupi la mwisho halikuwamo. Ni hitimisho hilo linaloeleza kwamba Ishmael, msimulizi, alinusurika kwa kuelea juu ya jeneza wakati meli ilipozama. Wahakiki wa Uingereza wakasoma hadithi inayosimuliwa na mtu ambaye, kwa wanavyoona wao, amezama na wenzake, wakauliza kwa haki kabisa: ameisimuliaje? Melville alikufa 1891, jina lake likiwa limekwisha kusahauliwa na wengi, na ni miaka ya 1920 aliporudishwa kwa kishindo. Wale wahakiki wa 1851 siku hizi huchekwa. Lakini wao walikihukumu kitabu kilichokuwa mkononi mwao, bila kinga ya umaarufu, na kilikuwa na kasoro kweli. Sisi tunaosoma leo sura ndefu inayopanga aina za nyangumi, na kutikisa kichwa kana kwamba tumeguswa, hatuna uaminifu wao.

Kitu kingine ambacho wapenzi wa riwaya kongwe hupenda kukisahau ni kwamba nyingi ya riwaya hizo zilikuwa mifululizo. Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi, shilingi moja kila kimoja. Mwanzo uliuza nakala mia chache. Akaingizwa Sam Weller, mtumishi mwenye ulimi, wasomaji wakampenda, na kufikia mwisho mauzo yalikuwa kama nakala 40,000. Mwandishi alikuwa akiandika huku akisikia makofi na miguno. Kwa hiyo unapokuta katika David Copperfield Uriah Heep anasema kila anapotokea kwamba yeye ni mtu duni na mnyenyekevu, na Bi. Micawber anaapa tena kwamba hatamwacha Bw. Micawber, unaona ujanja wa fundi: msomaji aliyesubiri mwezi mzima alihitaji kukumbushwa huyu ni nani.

Nynaeve wa Jordan huvuta msuko wa nywele zake akikasirika. Huuvuta juzuu baada ya juzuu. Imekuwa kichekesho kwa wasomaji wake, na katika orodha ya dhambi za Jordan msuko haukosekani. Nami unanichosha. Lakini sababu yake ni ileile ya Dickens, ila kusubiri kulikuwa kwa miaka badala ya mwezi. Darasani marudio ya Uriah Heep huitwa takriri na hupewa alama kama mbinu ya kujenga mhusika. Marudio ya Nynaeve huitwa udhaifu. Kama kuna tofauti ya ubora, na nadhani ipo, iko hapa: unyenyekevu wa Uriah unaficha kitu, kila anapoutaja tunazidi kumwogopa. Msuko haufichi kitu. Nynaeve akiuvuta amekasirika, basi. Hiyo ndiyo hoja ya kumshindanisha Jordan na Dickens, na inaweza kutolewa bila kutaja hata mara moja nani ni wa fasihi na nani si wa fasihi.

Hata hasira ya kitabu kisichomalizika si ya kizazi hiki. George R. R. Martin alitoa juzuu la kwanza la A Song of Ice and Fire mwaka 1996 na la tano mwaka 2011. Game of Thrones, tamthilia ya HBO iliyotokana na mfululizo huo, ikaanza mwaka huohuo wa 2011, ikampita mwandishi njiani, ikafika mwisho wake 2019, na juzuu la sita bado linasubiriwa. Wasomaji wamekuwa wakali. Wapo wanaomdai kama mtu aliyekopa. Dickens naye aliondoka Juni 1870 akiwa ameandika nusu ya The Mystery of Edwin Drood, sehemu sita kati ya 12 zilizopangwa, na siri ya nani alimuua Drood, kama kweli aliuawa, akaondoka nayo. Wasomaji walifanya nini? Mwaka 1914, mjini London, wapenzi wa Dickens waliandaa kesi ya kuigiza ya kumshtaki John Jasper, mjomba wa Drood. G. K. Chesterton alikuwa jaji na George Bernard Shaw akawa kiongozi wa baraza la wazee. Shaw na wenzake wakamtia Jasper hatiani kwa kuua bila kukusudia, na Chesterton akamaliza shughuli kwa kuwahukumu wote waliokuwamo kwa kuidharau mahakama, isipokuwa yeye mwenyewe. Watu wazima, waandishi mashuhuri, wamevaa majoho kwa ajili ya mhusika wa kubuni. Mtu asiniambie tena kwamba wapenzi wa fantasia ndio wasiojua mpaka wa hadithi na maisha.

Tofauti ni kwamba wale wa 1914 walikuwa wakicheza na marehemu. Martin yu hai, anasikia. Na hapo nasimama upande wake: bei niliyolipa ilikuwa ya kitabu nilichopewa. Juzuu la tano lipo, nimelisoma. Ahadi ya kumaliza ni ahadi ya heshima, na mtu anaweza kusikitika ikivunjwa, lakini kumdai mzee maandishi kana kwamba ni kodi ya pango ni kukosa ustaarabu.

Kwetu tunaosoma kwa Kiswahili lawama ya kuchoka imechukua sura yake, kwa sababu riwaya kongwe tulikutana nayo mtihani ukiwa mlangoni. Aliyesoma Tanzania alipewa Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, na akafika kidato cha tano akakabidhiwa Vuta N'kuvute. Aliyesoma Kenya alipewa Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri. Swali lilikuwa moja, kwa sura mbili: huku, jadili kwa kutoa hoja tatu kutoka katika kila kitabu, kule, eleza muktadha wa dondoo hili. Dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Hakuna mwalimu aliyeuliza, ulichoka wapi? Alama za swali hilo hazikuwapo.

Matokeo yake unayasikia mtu mzima wa leo akitoa maoni kuhusu riwaya ya Kiswahili. Anaanza na dhamira. Anakuja ujumbe kwa jamii. Ukimbana, lakini wewe ulikipenda?, anakutazama kama uliyemuuliza mshahara wake. Mtu huyohuyo akizungumzia mfululizo wa fantasia alioupata kwa Kiingereza kwenye simu, au juzuu la tatu aliloliokota kwa wauza vitabu wa kuinama wa Nairobi, wanaopanga vitabu chini barabarani, bila kuwahi kuliona la kwanza, lugha yake inabadilika. Anacheka, anatukana, anakumbuka nani alimsaliti nani, anakwambia alilala saa tisa usiku. Ana maoni. Kwa kitabu cha kwanza ana majibu.

Na kinachoudhi ni kwamba katika Kiswahili fantasia na ukongwe vimekaa rafu moja tangu zamani. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayebisha ukongwe wake, aliandika nchi inayoelea angani. Kusadikika ilichapwa 1951: Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuleta elimu ya sheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani kwa asante. Huo ni ulimwengu wa kubuni wenye sheria zake na safari zake, ila sisi tumefundishwa kuupita haraka kwenda kwenye ukoloni uliofichwa nyuma yake. Ukoloni upo, sikatai. Lakini mwanafunzi anayejua Majivuno anawakilisha nini hajawahi kuombwa aseme kama safari zilimnogea. Euphrase Kezilahabi naye, katika Nagona na Mzingile, alitupeleka mahali pasipo kwenye ramani yoyote, kwa vitabu vyembamba, na waliokwama humo ni wengi kuliko wanaokiri. Wengi hukisifu kitabu kisha hubadilisha mazungumzo.

Basi niseme mimi la kwangu kuhusu Kusadikika. Safari ya kwanza ni tamu. Ya pili nayo. Kufikia ya nne mwendo umeshajulikana: mjumbe anaondoka na sifa, anaona nchi iliyoendelea kuliko Kusadikika, anarudi na mapendekezo, anafungwa. Hotuba zinarefuka na watu wanapungua. Wajumbe hawatofautiani kwa chochote zaidi ya majina na njia walizopita, hakuna mwenye utani, hakuna mwenye woga wake mwenyewe. Kinachokiokoa kitabu ni baraza. Kila safari inapokwisha tunarudi mbele ya mfalme, Majivuno anazidi kukosa raha, na Karama, ambaye angeweza kuuawa, anaendelea kusimulia kwa upole uleule. Ningependa kurasa nyingi zaidi za chumba kile na chache zaidi za nchi za mbali. Anayeanza kumsoma Shaaban Robert leo simpeleki huko kwanza. Nampeleka kwenye Adili na Nduguze, ya 1952, ambako katika kurasa za mwanzo kabisa kuna liwali mwema anayesifiwa nchi nzima na ambaye kila usiku, mlango ukiwa umefungwa, huwachapa viboko manyani wawili, na mjumbe wa mfalme amemwona kwa siri. Hadithi yenyewe ina asili ya Alfu Lela Ulela na mafunzo yake ya maadili hukaa juu juu mno kuelekea mwisho, lakini sijapata kumwona mtu aliyeishia njiani kabla hajajua wale manyani ni akina nani.